Manukato ya Uani na Amana ya Muuzaji

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeutia mti mmoja tunda tamu na mwingine ua lenye harufu. Na rehma na amani zimshukiye Mtume wetu Muhammad, aliyependa harufu nzuri, akatufundisha kuwa apewaye mrehani asiukatae, kwani ni mwepesi kuuchukua na wanukia vyema.

Ama baada ya haya, ndugu zetu Waislamu, zipo nyumba hapa Mwambao zitengenezazo manukato kwa mimea ya uani: asumini, mawaridi, mrehani, mkilua na mlangilangi. Kazi hii ni ya halali, nasi twawaombea baraka waifanyao, khasa akina mama waleao mayatima kwa pato lake.

Ni kazi ya ujuzi na subira. Waridi huchumwa alfajiri kabla jua halijapanda, likapikwa kwa maji katika chombo kilichofunikwa. Mvuke wake ukipozwa hudondoka marashi. Asumini haipikwi, kwa kuwa moto huiharibu harufu yake. Huchumwa jioni inapoanza kufunguka, ikalazwa katika mafuta ya ufuta. Asubuhi hutolewa, na jioni ikatiwa mpya, siku baada ya siku, mpaka mafuta yashike harufu. Ama mafuta khalisi ya waridi, kilo 1 yahitaji maua kiasi cha kilo 3,000 au zaidi. Basi mwenye vichaka vitatu vya mawaridi akikuwekea mezani chupa kumi za mafuta "khalisi", na amuogope Mola wake.

Hapa ndipo penye mtihani. Anunuaye nguo huishika nguo, na anunuaye samaki humfunua mashavu. Lakini anunuaye manukato hununua asichokiona, na pua yadanganyika kwa matone machache ya harufu ya kiwandani. Maradhi haya ni ya kale. Al-Kindi, aliyefariki karibu na mwaka 873, aliandika kitabu juu ya kutengeneza manukato, na ndani yake mna namna za kuigiza vitu vya thamani kama miski. Na katika karne ya 12 ash-Shayzari, alipowaandikia wasimamizi wa masoko, aliwawekea mauzaji wa manukato mlango wao peke yao, akazieleza hila zao.

Sisi hatusemi kuwa kuchanganya ni haramu. Haramu ni kukiita kitu jina lisilo lake. Uliyechanganya, sema umechanganya; uliyetia harufu ya dukani, sema umetia. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye rundo la chakula, akatia mkono ndani akakuta maji. Mwenyewe akatoa udhuru wa mvua. Mtume akamuuliza mbona hakuuweka juu ule uliorowa watu wauone, kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi si katika sisi. Mvua haikuwa kosa la yule mtu. Kosa lake lilikuwa kuificha.

Hwenda mtu akasema: "Huyu ni mjane, auza chupa mbili tatu, mbona mwamtia uzito?" Twajibu: amana haina mizani ya tajiri na mizani ya maskini. Lakini nanyi wanunuzi mna fungu lenu. Mwataka kazi ya siku kumi na tano kwa bei ya kikombe cha chai, kisha mwalalamika kuwa manukato si khalisi! Mwenye kumbana muuzaji mpaka asipate hata gharama ya mafuta yake, huyo amemfungulia mlango wa ghushi kwa mkono wake. Lipeni haki ya jasho, kisha dai haki ya ukweli.

Mtume wetu alimfananisha rafiki mwema na mchukuzi wa miski: ama atakupa, ama utanunua kwake, ama utaondoka na harufu yake nzuri. Tazameni daraja aliyopewa mtu wa kazi hii. Haimfai kuiuza daraja hiyo kwa chupa moja ya uwongo.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wakweli katika kuuza kwetu na kununua kwetu. Amin.