MKONO NAO UNASHUKURU

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu Waislamu! Ninaiusia nafsi yangu kwanza, kisha ninawausia nyinyi, tumche Mwenyezi Mungu na tumshukuru kwa neema zake.

Wengi wetu tunadhani shukrani ni neno la ulimi tu. Tunakula, tunasema alhamdulillahi, yamekwisha. Lakini tazameni Surat Sabaa, aya ya 13. Mwenyezi Mungu anataja vitu alivyotengenezewa Nabii Suleiman (a.s.): mihirabu, masinia makubwa kama mahodhi, vyungu vizito visivyoondolewa mahali pake. Baada ya kutaja kazi hizo, anawaamrisha watu wa Daudi watende kazi kwa kushukuru. Kumbe mkono nao unashukuru.

Sasa nitawaeleza kosa langu. Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa nikifundisha chuoni, mzee mmoja wa hapa Uvira alimleta mwanawe amembeba mgongoni. Polio ilikuwa imemlemaza miguu yote miwili. Nikamwambia, "Mzee wangu, mtoto huyu atateseka bure. Mwache apumzike nyumbani." Nilidhani nimemhurumia, kumbe nimemfungia mlango. Nami Surat Abasa naijua kwa moyo! Humo Mtume mwenyewe (s.a.w.) alionywa kwa kumgeuzia uso kipofu, Abdullahi bin Ummi Maktum. Kipofu yule alikuwa mwadhini wa Mtume, na Mtume aliposafiri alipata kumwachia Madina awaswalishe watu.

Mtoto yule akabaki barazani kwa bibi yake mzaa mama, msukaji wa mikeka. Akajifunza kusuka, kisha akaanza kutunga nakshi zake mwenyewe. Leo ni mtu mzima, na mkeka ninaoswalia nyumbani ni kazi yake. Siku niliyokwenda kuununua nilimwomba radhi. Akacheka, akasema: "Mwalimu, zamani nilikuwa nahesabu nisivyo navyo. Nilipoanza kusuka nikahesabu vidole vyangu. Ni kumi, na vyote vinanitii. Nikaona haya mbele ya Mungu, nikasema alhamdulillahi."

Ndugu zangu, mfano kama huo uko katika nchi yetu hii, na dunia imeusikia. Mjini Kinshasa lilikuwako kundi la Staff Benda Bilili. Wengi wao walilemazwa na polio, wakitembea kwa baiskeli za magurudumu matatu, wakifanya mazoezi katika bustani ya wanyama. Kijana mmoja wa mtaani, Roger Landu, alijiunga nao na ala aliyoiunda mwenyewe kwa mkebe, kijiti na uzi mmoja wa chuma. Mwaka 2009 walitoa albamu yao, na mwaka 2010 filamu ya maisha yao ikaonyeshwa Cannes, Ufaransa. Hukumu ya ala za muziki wanazuoni wameihitilafu, na leo sikuja kuizungumza. Ninalolitaka ni jina lao. Kwa Kilingala huelezwa kuwa ni kutazama zaidi ya sura ya nje. Na Mtume wetu (s.a.w.) alitufundisha kwamba Mwenyezi Mungu hatazami sura zetu wala miili yetu, bali hutazama nyoyo zetu na matendo yetu.

Lakini tusikosee. Heshima ya yule msukaji haikutoka katika mkeka. Mwenyezi Mungu amewatukuza wanadamu wote, kama tunavyosoma katika Surat Israa, aya ya 70. Asiyeweza kusuka, wala kuimba, wala kuinua mkono, naye ana heshima hiyo hiyo kamili. Mkeka ulimsaidia yeye kuiona heshima aliyokuwa nayo tangu kuzaliwa, na sisi ukatufumbua macho.

Kila Ijumaa tunatoka msikitini, tunawakuta ndugu zetu vilema mlangoni, tunawapa franga mia mbili, tunapita. Sadaka ni njema, msiiache. Lakini ni nani kati yetu amewahi kuketi na mmoja wao akamwuliza: ndugu yangu, mikono yako inajua nini? Inapenda kufanya nini?

Basi nawaomba mambo matatu. Kwanza, mwenye mtoto kilema asimfiche ndani. Amlete chuoni, nami nitampokea. Asiyeweza kuja, tutamfuata kwake. Pili, mkinunua kazi ya mlemavu, mlipeni bei ya kazi, msimpunje kwa kuwa hawezi kuwafuata. Tatu, wachanjaji wa polio wakipita nyumba kwa nyumba, wafungulieni mlango, watoto wapate matone yao. Kumpenda aliyelemaa hakutuzuii kumkinga ambaye bado.

Ewe Mola wetu, tusamehe kwa milango tuliyoifunga. Tujaalie ndimi zinazokushukuru na mikono inayokushukuru. Wape ndugu zetu wenye ulemavu riziki ya halali na furaha katika kazi zao. Ipe amani Uvira na mwambao wote wa ziwa letu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.