Je, Chema Chajiuza? Fikira juu ya Mchuuzi Mdogo na Kiumbe Asiyesema

Hapana mwalimu wa Kiswahili asiyepata kuandika ubaoni methali isemayo kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Tumeifundisha miaka mingi kama dawa ya majivuno. Mwanafunzi ajisifuye tumemkumbusha methali hiyo, na mfanyabiashara apigaye kelele barabarani tumemshuku kwa sababu hiyo hiyo. Katika kurasa hizi twataka kuiuliza methali yenyewe swali moja: je, ni kweli daima? Na kama si kweli daima, yule aliye na kitu chema, akaona haya kukinadi, je, hunyamaza kwa unyenyekevu au huukimbia wajibu wake?

Ili swali lisibaki hewani, tumechagua biashara moja ndogo ambayo sasa yaonekana katika miji ya nchi zetu, Kampala na Kigali, Bujumbura na Lubumbashi: biashara ya kuwatunza mbwa na paka wa watu. Mwenye biashara hiyo huwaogesha wanyama, huwakata kucha, huwatoa kupe na viroboto, huwauzia chakula, huwalaza bandani mwake wenyewe wakisafiri, na akiwa na daktari wa mifugo mwenye idhini, huwapatia chanjo. Aghalabu ana chumba kimoja, banda la nyuma, na msaidizi mmoja au wawili. Mtaa wa pili yuko mwenzake afanyaye kazi ile ile kwa bei ya chini.

Wako watakaocheka na kuuliza kama falsafa imekosa mambo hata ishughulikie kuoga kwa mbwa. Tunawaomba wavumilie kidogo. Mbwa alalaye langoni ndiye mlinzi wa nyumba nyingi za watu wa kawaida, wala si pambo la matajiri peke yao. Tena ugonjwa wa kichaa cha mbwa, ambao karibu kila mara humfikia binadamu kwa kuumwa na mbwa, ukisha kuonyesha dalili zake kwa mtu, kupona ni jambo la nadra mno. Chanjo imejulikana tangu mwaka 1885, Louis Pasteur alipomtibu mtoto aliyeumwa. Na wataalamu wanakubaliana kwamba wakichanjwa mbwa wapatao 70 katika kila 100, mnyororo wa ugonjwa hukatika. Basi mtu auzaye chanjo au huduma ya mbwa anauza pia usalama wa mtoto wa jirani apitaye njiani.

Sasa na tuitazame methali yetu. Inasema kweli sokoni penye samaki na maembe. Mnunuzi humtazama samaki jicho, akamfunua mashavu, akamnusa. Embe hubonyezwa na kunuswa. Hapo kitu chema hujieleza chenyewe mbele ya macho na pua ya mnunuzi. Lakini chupa ya chanjo haina jicho la kutazamwa. Yatakiwa ihifadhiwe katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Ikiwa umeme ulikatika siku mbili na jokofu likapata joto, maji yaliyomo chupani huenda yakabaki meupe vile vile. Mbwa aliyelazwa bandani wiki mbili, je, alitembezwa? Alipewa maji safi? Alipigwa? Mwenyewe akirudi safarini humkuta mnyama wake anatikisa mkia, akalipa na kushukuru. Shahidi pekee wa yaliyotendeka hana lugha.

Hili ndilo jambo linaloitofautisha biashara hii na nyingi nyinginezo. Anayelipa ni mmoja, anayehudumiwa ni mwingine, na anayeweza kudhurika kwa kazi mbovu ni wa tatu. Mnunuzi hawezi kuonja alichokinunua, mnyama hawezi kulalamika, na jirani hakuulizwa kamwe.

Mwaka 1970 mwanauchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika makala mashuhuri kuhusu soko la magari yaliyokwisha kutumika, kazi iliyochangia kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2001. Hoja yake yaweza kusemwa kwa maneno machache. Muuzaji anaijua gari yake, mnunuzi haijui. Kwa kuwa mnunuzi hawezi kutenga nzuri na mbovu, hutoa bei ya wastani. Bei hiyo humfaa sana mwenye gari mbovu na humpunja mwenye gari nzuri. Kwa hiyo mwenye gari nzuri hujiondoa sokoni, na ubora wa magari yaliyosalia hushuka tena. Mwisho wake kibaya hukifukuza chema. Mahali ambapo ubora hauonekani, chema hakijiuzi. Methali yetu, basi, yahitaji sharti: chema chajiuza pale mnunuzi anapoweza kukitambua.

Mchuuzi wetu mdogo wa mtaani anayajua haya bila kusoma makala ya mtu yeyote. Yeye hununua mafuta ya jenereta ili jokofu lisizime, mwenzake hanunui. Yeye huosha banda kwa dawa kila mgeni anapoondoka. Mwenzake hufagia tu. Gharama hizo zote hazionekani, ila huonekana katika bei. Mteja husimama mlangoni, akauliza bei, akaondoka. Akinyamaza mtu huyu kwa kuogopa kuitwa mjisifu, amemwachia barabara mwenye sauti kubwa. Twashika kauli, basi, kwamba mwenye kitu chema kisichoonekana ana wajibu wa kukieleza.

Lugha yetu yenyewe yatupa mwanga hapa. Neno dalali, ambalo leo masikioni mwa wengi lina harufu ya ujanja, limetoka katika Kiarabu, na shina lake ni moja na la neno dalili: kuonyesha, kuongoza njia. Dalali kwa asili yake ni mwonyeshaji. Na neno mteja, kabla ya kuzoeleka kwa maana ya mnunuzi wa kawaida, lilikuwa pia jina la mtu aliyekuwa akitibiwa na mganga, yaani mtu aliyejiweka mikononi mwa mwingine kwa jambo asiloliweza mwenyewe. Mwenye kuyakumbuka maneno hayo mawili amekwisha kuipata nusu ya maadili ya biashara: muuzaji aonyeshe, kwa sababu mnunuzi amejikabidhi.

Kunadi si jambo la jana. Katika mji wa London, karibu na mwaka 1860, Mmarekani aitwaye James Spratt alianza kuuza biskuti za mbwa, na mmoja wa waliomfanyia kazi, Charles Cruft, alikuja kuanzisha mwaka 1891 maonyesho ya mbwa yanayoitwa kwa jina lake hata leo. Watu hao walifahamu kwamba bidhaa ngeni haina budi kuonyeshwa. Hatuwalaumu kwa hilo. Lakini kuonyesha kuna mipaka, nasi twaona mipaka minne.

Kwanza, muuzaji aseme kile anachoweza kukithibitisha. Badala ya kuandika ukutani kwamba yeye ni bora kuliko wote mjini, na aweke kipimajoto katika jokofu na daftari la kuandikia joto la kila asubuhi na jioni. Mteja akitaka, alisome. Mlango wa banda na uwe wazi kwa mwenye mnyama saa yoyote ya mchana. Hilo ni tangazo, tena tangazo kubwa, na mwongo hawezi kuliiga bila kwanza kuacha uongo. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini daftari husomwa kimya.

Pili, aseme pia yale yanayompunguzia mauzo. Cicero wa Roma, katika kitabu chake juu ya wajibu, alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo, anasimulia mjadala wa wanafalsafa wawili, Diogenes wa Babeli na Antipater wa Tarso. Mfanyabiashara amepeleka nafaka Rhodes, kisiwa kilicho katika njaa, naye anajua kwamba merikebu nyingine zilizojaa nafaka ziko njiani. Je, awaambie watu, bei ishuke, au anyamaze, auze ghali? Diogenes alishikilia kwamba kunyamaza si kuficha. Antipater alisema mtu ana wajibu kwa wenzake, haimpasi kuwanyima habari inayowafaa. Cicero aliunga mkono upande wa Antipater.

Tuulete mfano huo dukani kwetu. Ziko dawa za kupe za mbwa zenye kemikali iitwayo pemethrini. Mbwa huivumilia, paka huweza kufa nayo. Anaingia mteja, ananunua dawa ya mbwa wake, na katika mazungumzo anataja kwamba nyumbani ana paka pia. Hakuuliza kitu. Muuzaji akinyamaza hakusema uongo hata neno moja, na huenda keshokutwa paka akafa kwa mitetemeko. Je, hapa kunyamaza si kuficha? Twadhani hata Diogenes angeona haya. Pale ambapo ujuzi wote uko upande mmoja, ukimya wa mjuzi ni sehemu ya biashara aliyoifanya.

Mapokeo ya Kiislamu nayo yanasimulia jinsi Mtume alivyotia mkono wake katika rundo la nafaka sokoni, vidole vikakuta umaji chini. Muuzaji akasema mvua ndiyo iliyoinyeshea. Akaulizwa kwa nini asiiweke ile iliyolowa juu, watu waione. Na ghushi ikakemewa vikali. Muuzaji yule hakuulizwa sababu ya mvua. Aliulizwa sababu ya mpangilio wa rundo lake.

Tatu, sifa zisinunuliwe. Fikihi hukataza tendo liitwalo najshi, yaani mtu asiyenuia kununua kupandisha bei ili kumvuta mwingine. Leo mchezo huo umehamia katika simu: mwenye duka huwalipa vijana waandike kwamba walihudumiwa vizuri, au kwamba mbwa wao aliugua kwa mshindani. Vyombo ni vipya, kosa ni lile lile la kale. Na juu ya mshindani, twajua kwamba mwamba ngoma huvutia kwake. Kwa hiyo neno la muuzaji juu ya mwenzake lina uzito mdogo hata likiwa kweli. Akiona mwenzake anatenda jambo la hatari, kama kutoa chanjo iliyoharibika, ampelekee habari daktari wa mifugo wa serikali, mwenye uwezo wa kuchunguza. Akiipeleka kwa wateja tu, ameigeuza hatari ya watu kuwa mtaji wake.

Nne, hofu isifanywe bidhaa. Kichaa cha mbwa chatisha kwa haki, na mwenye kuuza anajua kwamba mtu aliyetishika hafungi mkoba. Ni halali kusema kwamba chanjo huokoa, na kwamba jeraha la kuumwa na mbwa lioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi kwa muda wa dakika 15, kisha mtu akimbilie hospitali. Si halali kuitumia hofu hiyo kumuuzia mtu sabuni ya manukato.

Hapa tumefikia mtihani wenyewe. Wapo wasemao kwamba uaminifu ni njia bora ya kupata wateja, na huenda mara nyingi ni kweli. Lakini Immanuel Kant, mwaka 1785, alitoa mfano wa mwenye duka asiyempunja hata mtoto mdogo, akauliza: anafanya hivyo kwa kuwa ni haki, au kwa kuwa kunamlipa? Jibu halijulikani mpaka ije siku ambayo uaminifu unatia hasara. Kwa mchuuzi wetu siku hiyo huja pale serikali inapotangaza chanjo ya bure kwa mbwa wa mtaa, naye ana chupa 20 katika jokofu. Akiwaambia wateja wake waende wakachanje bure, tumemjua. Asipowaambia, daftari lake la joto lilikuwa chambo tu.

Je, mtu wa namna hiyo hatafilisika? Hatutamdanganya msomaji: yawezekana. Haki haikuahidi faida. Ndiyo maana mzigo huu hatuwezi kumtwika muuzaji peke yake. Mnunuzi asiyeuliza lolote ila bei anashiriki katika kumwondoa mwema sokoni. Na aulize pia chanjo imehifadhiwaje na nani aliyeitoa; na aombe kuliona banda. Wauzaji wadogo nao, hata wakiwa washindani, waweza kupatana juu ya kanuni chache, kwa mfano kwamba kila mteja aonyeshwe chupa na tarehe ya mwisho wa matumizi kabla ya sindano. Washindane katika mengine yote.

Asiyejali kwa kuwa hafugi mbwa na akumbuke mambo ya mwaka 2007. Huko Amerika Kaskazini mbwa na paka wengi waliugua figo na kufa, ikagunduliwa kwamba katika ungano wa ngano uliotoka China na kutiwa katika chakula chao mlikuwa na melamini. Kipimo cha kawaida cha protini hupima naitrojeni, na melamini imejaa naitrojeni. Kwa hiyo kitu hafifu kilionekana bora katika karatasi. Mwaka uliofuata, 2008, melamini hiyo hiyo ilikutwa katika maziwa ya watoto wachanga nchini China; watoto wapatao 300,000 waliugua, na sita walikufa. Udanganyifu uliozoea kutembea katika sahani ya asiyesema haukuchelewa kufika katika chupa ya mtoto asiyejua kusema.

Basi tuirudie methali darasani, tusiifute. Tuwaulize wanafunzi wetu: ni mahali gani chema chajiuza, na ni mahali gani hakina budi kuelezwa? Nani katika biashara hii hana sauti, na nani atamsemea? Twaamini mjadala wa namna hiyo utawafaa wale watakaofungua duka kesho, na wengine wote watakaosimama mlangoni pake kununua. Walimu wenzetu walio na maoni mengine tunawakaribisha wayaandike katika toleo lijalo.