Tairi Ubavuni

Nilinunua matairi manne makuukuu kwa fundi wa pancha hapa Isebania, kando ya barabara ya kwenda Sirari. Ya pikipiki, si ya lori: la lori ni zito kwa mashua yangu ya futi 15, na likichakaa nyuzi zake za chuma hutokeza zikakwaruza mbao. "Mwalimu, toboa tundu chini," fundi aliniambia, "maji yasituame humo."

Mashua ni ya matembezi tu, naiegesha Muhuru Bay. Mama aliponiona nikiyafunga matairi ubavuni mwake aliuliza, kwa uchungu wa kweli: "Mwanangu, asubuhi uliomba ulinzi. Mbona sasa unafunga matairi?"

Swali hilo limenikaa kifuani. Nimeomba kabla ya kila safari tangu utotoni, na sitaacha. Lakini nadhani ombi langu lilikuwa na kasoro: niliomba nisigongwe. Upepo wa Ziwa Victoria husukuma mashua zote, ya mcha Mungu na ya mwizi. Tairi halizuii pigo. Hubonyea, pigo likachukua kitambo zaidi kufika, na makali yake yakapungua.

Halafu kuna jambo ambalo Mama hakuliuliza. Mashua ya mvuvi jirani haina tairi hata moja. Mashua zetu zikigongana, raba yangu humkinga yeye pia, na mbao zile ndizo chakula cha watoto wake. Je, naweza kumwomba Mungu amlinde jirani huku ubavu wangu ni mbao tupu?

Nilimwambia Mama hivyo. Alinyamaza, kisha akanishikia tairi la tatu nikakaza fundo.