Kufunga kwa Hiari, Kulala kwa Amani



Tangu Jumatano ya Majivu, swali limekuwa lile lile katika vikundi vyetu vya nyumbani: "Pasta, sisi tunafunga Kwaresima ama hatufungi?" Jirani Mkatoliki ameacha nyama, yule Mwanglikana ameacha soda, na kijana wetu aliyeokoka anaona haya kuagiza nyama choma mbele yao. Wengine wetu hujibu haraka: sisi tuko huru, hiyo ni sheria ya wanadamu. Jibu hilo si baya, lakini limekatika katikati. Leo nataka tulimalizie.

Uhuru huo una historia. Mwaka 1522, katika mji wa Zürich kule Uswisi, watu kadhaa walikutana wakati wa Kwaresima nyumbani kwa mchapishaji vitabu Christoph Froschauer, wakala soseji. Siku hizo, kula nyama katika Kwaresima kulikuwa kosa mbele ya wakuu wa mji. Froschauer alijitetea kwamba wafanyakazi wake walikuwa na kazi nyingi ya kuchapa. Mhubiri Huldrych Zwingli alikuwepo pale, lakini yeye hakula. Baadaye alipanda mimbarani akawatetea waliokula, na mwezi wa Aprili mahubiri hayo yakachapishwa. Hoja yake kwa ufupi ilikuwa hii: anayetaka kufunga na afunge, asiyetaka asilazimishwe, maana amri hiyo haikutoka kwa Mungu.

Mimi hurudi kila mara kwa jambo hilo moja, kwamba Zwingli hakula. Alitetea uhuru ambao mwenyewe hakuutumia siku hiyo. Mtu huru anaweza kula, na anaweza pia kuacha. Yule asiyeweza kuacha bado ana bwana. Ni vile tu bwana wake sasa ni tumbo, ama simu, ama pesa.

Kabla ya kuingia katika huduma nilisomea biashara, na somo moja la mwaka wa kwanza halijaniacha: kila ukichagua kitu, umelipa kwa kile ulichokiacha. Hakuna uamuzi wa bure. Katika uchungaji nimeona wengi wetu tukikosa amani hapo. Tunajua la kuchagua, ila hatutaki kulipa. Tunataka Kristo na tunataka ile dili pia, kwa hivyo tunaacha milango yote wazi, halafu tunashangaa mbona nyumba ina baridi usiku.

Mama mmoja mshirika wetu amenipa ruhusa nisimulie habari yake bila kumtaja jina. Alikuwa akipeleka mboga na viazi kwa shule fulani. Mwaka jana akaambiwa kandarasi itaendelea kama ataongeza bei kwenye invoisi, halafu ile ziada airudishe kwa mtu. Kila aliyemwomba ushauri alimwambia, "Mama, hapo huna hiari. Kazi ndivyo inavyoenda." Akafunga siku tatu, akaomba.

Najua vile tunapenda ushuhuda uishe. Alikataa, na wiki iliyofuata Mungu akamfungulia kandarasi mara mbili ya ile! Haikuwa hivyo. Alikataa, na kazi ikapewa mwingine. Hadi leo anauza kwa kibanda, na karo ya muhula huu haijakamilika. Lakini aliniambia hivi: "Pasta, zile siku nilikuwa nafikiria nikubali, sikuwa napata usingizi. Usiku wa ile siku nilikataa, nililala hadi jua likanipata kitandani."

Kisha akaniuliza, "Lakini kama Mungu alijua nitakataa, mbona hakunitayarishia kingine?"

Hilo si swali la kujibiwa kwa "Amina" moja. Nilimwambia twende kwanza Gethsemane, na wewe nakualika huko.

Soma Mathayo 26 pole pole. Yesu aliomba mara tatu kikombe kile kimwondokee. Hakujifanya kwamba hakioni kichungu. Na hakuwa amefungiwa njia: yeye mwenyewe alimwambia Petro kwamba angeomba, Baba angempelekea zaidi ya majeshi kumi na mawili ya malaika. Katika Yohana 10:18 anaeleza wazi kwamba hakuna anayemnyang'anya uhai wake, anautoa mwenyewe. Kwa hivyo hiari ilikuwepo, na ilikuwa hiari ya kweli. Mahali alipotaka kwenda na mahali Baba alipomtuma palitofautiana, naye akachagua kwa Baba.

Kikombe hakikuondolewa. Lakini angalia kilichobadilika. Aliyekuwa akitoa jasho la dhiki bustanini ndiye aliyesimama akawaamsha wanafunzi, akawakabili wenye marungu na panga, na katikati ya fujo hiyo akapata nafasi ya kugusa sikio la adui aliyekatwa na kumponya (Luka 22:51). Mtu aliyejaa hofu haoni sikio la mwenzake. Hiyo ndiyo amani ninayoizungumzia. Ilikuja kabla mambo hayajawa mazuri, tena yalikuwa karibu kuwa mabaya zaidi.

Mtu atasema, "Pasta, si Biblia inasema Mungu ndiye hutenda kazi ndani yetu hata kutaka kwetu? Basi hiari ni ya nani?" Ni kweli, Wafilipi 2:13 inasema hivyo. Lakini mstari unaoutangulia unatuagiza sisi tuutimize wokovu wetu. Paulo ameziweka mbili hizo pamoja bila kuona haya. Mkulima wa hapa kwetu anaelewa: hakuna mahindi bila mvua, na mvua si yake, lakini hakuna mvua itakayompandia shamba. Neema hutangulia na kutuwezesha. Haitushiki mkono kwa nguvu tukitia sahihi.

Hapo ndipo kufunga kunapata maana. Ukifunga ili umlazimishe Mungu, umegeuza mfungo kuwa kitu kidogo cha kiroho: nimetoa njaa, nipe kazi. Mungu hapokei rushwa, hata ya tumbo tupu. Mfungo ni mazoezi ya kusema hapana kwa mambo madogo, ili siku ya invoisi ikifika, mdomo usiwe mgeni wa neno hilo.

Sasa nirudi kwa swali la yule mama. Sijui mipango yote ya Mungu kwake. Lakini Isaya 58 inaniambia mfungo ambao Bwana anautaka: kumgawia mwenye njaa chakula chako, na kutojificha na ndugu yako. Labda "kingine" alichotayarishiwa ni sisi. Tunamshangilia ibadani anaposhuhudia, halafu tunapita kibanda chake tukienda supamaketi. Mtu akikataa wizi kwa ajili ya Kristo, kanisa lisimwachie bili yote peke yake.

Kwa hivyo jibu langu kwa wanaouliza ni hili. Hakuna atakayekulazimisha kufunga hapa kwetu. Chagua mwenyewe kitu kimoja cha kuacha hadi Pasaka. Usikitangaze. Pesa utakayookoa, mpelekee mtu ambaye unajua amelipa gharama ya kusema hapana. Na kama wewe ndiye unayesukumwa wiki hii kutia sahihi mahali usipopaswa, usikubali kuambiwa huna hiari. Unayo. Njoo tuombe pamoja, na tuhesabu gharama pamoja.

Amani ya Kristo iwe nanyi nyote.