Shahidi au Mpelelezi?



Mwaka 2013, katika maonyesho ya kimataifa ya sanaa ya Venice, Italia, banda la Ireland lilionyesha kazi ya video ya Richard Mosse iitwayo The Enclave. Aliipiga mashariki mwa Kongo kwa filamu ya infraredi, aina iliyotengenezwa kwa ajili ya jeshi kufichua adui aliyejificha porini. Majani ya Kivu yakageuka rangi ya waridi kwenye skrini sita.

Je, inafaa mateso ya mtu yapendeze macho?

Nakivale tunaishi na watu wa milima hiyo. Wapo wasemao rangi ile inawalazimisha walimwengu kutazama vita walivyozoea kuvipita. Hoja ina uzito: Suratun Nisaa, aya ya 135, inatuamuru kuwa mashahidi wa haki. Lakini Suratul Hujurat, aya ya 12, inakataza kupelelezana. Tofauti ni nini? Shahidi husimama mbele ya anayemtolea ushahidi, naye aweza kumsahihisha. Mpelelezi huchukua akaondoka. Basi uzuri si kosa. Kosa ni kutomrudia uliyempiga picha.

Kipimo hiki si cha wasanii tu. Mwezi wa Ramadhani, misafara ikitoka Mbarara kupeleka futari Nakivale, mara nyingi simu hutangulia mkono. Ndugu zangu, tuombe idhini kwanza, kisha tumwonyeshe mwenyewe picha yake. Mama akikataa, mchele ni wake vilevile.

Wallahu a'lam.