Jumla Haijali Nani Katangulia

Sifa ya mbadilishano katika kujumlisha, yaani kanuni kwamba namba mbili zikibadilishana nafasi jumla yake haibadiliki, huonekana nyepesi kiasi cha kumshawishi mwalimu aipitie kwa sentensi moja, ilhali mtoto anayetafuta 2 + 9 kwa vidole hana sababu ya kuiona, kwa kuwa kwake kuanzia mbili na kupanda hatua tisa ni kazi tofauti kabisa na kuanzia tisa na kupanda hatua mbili. Akishaielewa huanza na namba kubwa, na jedwali la kujumlisha tarakimu 0 hadi 9, lenye majibu 100, humbakizia 55 tu ya kukumbuka. Hata wanahisabati hawakuiachia mazoea: mwaka 1861 Mjerumani Hermann Grassmann aliithibitisha kwa induksheni, yaani kwa kuonyesha kwamba jambo ni kweli kwa namba ya kwanza, na kwamba likiwa kweli kwa namba yoyote huwa kweli pia kwa inayoifuata. Kutoa hakuna sifa hiyo, kwani 9 − 2 ni 7 lakini 2 − 9 ni −7.