Uamuzi wa Daktari Mbele ya Akili Mnemba: Swali la Dhima katika Tiba ya Kiharusi

Kiharusi hutokea damu inapokoma kufika sehemu ya ubongo kwa sababu ya bonge lililoziba mshipa, au mshipa unapopasuka na damu kuvujia ndani ya kichwa. Dalili za aina hizi mbili hufanana, lakini tiba zake zinapingana: dawa ya kuyeyusha bonge inayomwokoa mgonjwa wa kwanza inaweza kumuua wa pili. Ndiyo maana picha ya CT hutangulia tiba. Muda nao ni mfupi. Kwa kawaida dawa hiyo hutolewa ndani ya saa 4.5 tangu dalili zianze, na mshipa mkubwa unapoziba hukadiriwa kwamba seli za neva milioni 1.9 hufa kila dakika.

Programu za akili mnemba zimeundwa kwa ajili ya dharura hii. Baada ya kufunzwa kwa picha nyingi za wagonjwa waliotangulia, hutafuta damu iliyovuja na mshipa ulioziba, na nyingine hukadiria uharibifu kwa kipimo cha ASPECTS, kinachoanzia alama 10 kwa ubongo usioonyesha athari na kushuka hadi 0. Mwaka 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu programu ya Viz.ai inayompelekea mtaalamu taarifa kwenye simu inaposhuku mshipa mkubwa umeziba. Januari 2024, taasisi ya NICE ya Uingereza ilikubali programu za e-Stroke, RapidAI na Viz zitumike huku ushahidi zaidi ukikusanywa, kwa sharti kwamba mtaalamu wa afya azipitie picha zenyewe.

Sharti hilo linazaa swali la kifalsafa. Ikiwa programu inaweza kuliona bonge, tena upesi, kwa nini uamuzi ubaki kwa binadamu?

Jibu moja hutegemea maana ya kujua. Katika Metafizikia, Aristotle alitenganisha mwenye uzoefu, anayejua kwamba jambo liko hivi, na mwenye fani, anayejua sababu yake. Programu inafanana na yule wa kwanza: hulinganisha sura za picha bila kufahamu damu ni nini wala kifo ni nini. Hata hivyo, jibu hili peke yake halitoshi. Daktari bingwa naye mara nyingi huitambua dosari kwa mtazamo mmoja, kabla hajaweza kuieleza, na utambuzi wake haukataliwi kwa sababu hiyo.

Jibu lenye uzito zaidi ni la dhima. Aristotle huyohuyo anakumbusha kwamba tabibu hamtibu binadamu kwa ujumla, bali mtu fulani. Mtu huyo na jamaa zake wana haki ya kuuliza kwa nini alipewa dawa au alinyimwa, na kujibiwa na mwenye kuwajibika. Fiqhi ya Kiislamu inalishika jambo hili kwa uthabiti: anayetibu watu bila elimu ya utabibu hubeba dhamana ya madhara anayoyaleta. Dhamana haiwezi kubebwa na kisichoweza kuulizwa, kujuta wala kulipa fidia. Programu inaweza kukosea, lakini haiwezi kutubu.

Dhima hiyo humbana daktari kwa pande mbili. Akitia saini matokeo ya programu bila kuitazama picha, ameuacha wajibu wake hata kama matokeo ni sahihi, kwani jina lake limesimama mahali pasipo na uamuzi. Akiikataa programu kwa kiburi cha fani, ilhali ingemwonyesha mapema mshipa ulioziba, atawajibika pia kwa ubongo uliopotea katika kuchelewa. Wajibu unazidi kuwa mzito pale ambapo daktari wa zamu hana bingwa wa radiolojia karibu: ndiye anayeihitaji programu zaidi, na ndiye mwenye uwezo mdogo wa kuipinga inapokosea. Kwa hiyo hospitali inayonunua programu inawajibika pia kumfundisha daktari kusoma picha, kumpa wa kumpigia simu usiku, na kumlinda anapotofautiana na mashine kwa hoja. Bila hayo, sharti la mtaalamu kupitia picha hutimizwa kwenye karatasi tu, na mgonjwa hubaki bila mtu wa kumjibu.